Nilivyoiombea Pikipiki ya Mami

Jumapili iliyopita, chini ya dirisha langu hapa Kahawa Wendani, kijana wa boda alifungua kabureta ya pikipiki yake akaiosha kwa petroli ndani ya beseni la plastiki. Harufu ikapanda ghorofa mbili ikaingia jikoni kwangu. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliweka kisu chini, mimi mama wa watoto watatu, na kwa muda nikawa na miaka minane tena kule Gitothua, nimekaa juu ya tangi la pikipiki nyekundu, miguu inaning'inia huku na huku, mgongo wangu umeegemea kifua cha Mami.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba siku zile pikipiki hazikuwa nyingi kama sasa. Kulikuwa na ya padri na ya mtu wa mifugo, basi. Mwanamke mwenye pikipiki hakuwepo kabisa, isipokuwa mama yangu.

Mami alikuwa nesi wa zahanati ndogo upande wa Mugutha. Pikipiki ile iliachwa na mradi wa maji uliokwisha, ikakaa stoo miaka mingi pamoja na mabomba yenye kutu, mpaka siku moja Mami akawauliza wanakamati wa zahanati kama anaweza kuichukua. Wakacheka, kisha wakampa. Alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule ya msingi, amevaa suruali ya Baba ndani ya sketi, na nusu ya Gitothua ilisimama kwenye ua ikimtazama akianguka. Alianguka mara nne. Mara ya tano alizunguka uwanja wote, na watazamaji wakanyamaza.

Aliitaka kwa ajili ya kliniki ya Jumamosi. Katikati ya Ruiru na Thika palikuwa kahawa tupu, kilima baada ya kilima, na ndani ya kahawa hiyo kulikuwa na laini, yale majengo marefu ya vyumba vya wafanyakazi. Akina mama wa laini hawakuweza kuacha kuchuma ili kupeleka watoto kuchanjwa, kwa hivyo chanjo iliwafuata wao, ndani ya boksi lenye barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Nami nilikwenda kwa sababu Baba alifanya kazi ya zamu kiwandani Thika na hapakuwa na wa kubaki nami. Nilikaa mbele, juu ya tangi. Leo hii polisi angetusimamisha. Siku hizo watoto wa laini walitukimbilia wakipiga makofi, na mimi niliinua shingo kama bibi arusi.

Ugonjwa wa pikipiki ulianza na mvua za masika. Asubuhi iliwaka vizuri, ikanguruma, ikatoka nyumbani bila tatizo. Lakini tukishaenda mwendo wa nyimbo tatu za Sunday school, maana nilikuwa naziimba njia nzima, sauti yake ingeanza kukonda. Mami angevuta choki, ile ya kupunguza hewa ili petroli izidi, ingefufuka kidogo, kisha ingekohoa mara mbili na kufa katikati ya barabara.

Fundi Kariuki wa Ruiru aliisikiliza huku akitafuna njiti ya kiberiti. "Ni kabuleta, Sista," alisema. "Hiyo tu. Kabuleta."

Nilirudi nyumbani na neno hilo kichwani. Kuleta nilikujua. Nilichokosa ni huyo Kabu. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba ndani ya pikipiki kuna mtu mdogo sana anayeitwa Kabu, kazi yake ni kuleta, na kwamba sasa amegoma. Nilipomuuliza Mami, "Kabu huleta nini?" hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Huleta petroli na hewa, anazichanganya, anazipeleka kwa moto. Akileta petroli kidogo, moto unalala. Akileta nyingi, moshi mweusi." Nikaridhika. Kwangu alikuwa amekubali kwamba Kabu yupo.

Fundi alisafisha kabureta mara moja, na Mami alisimama nyuma ya bega lake kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosimama daktari mkubwa akizunguka wodi. Tatizo liliporudi wiki iliyofuata hakurudi kwa fundi. Alitandika foronya kuukuu juu ya meza ya jikoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko na kuifungua mwenyewe.

Sijasahau mchana ule. Kila kipande alichotoa alikiweka kwenye foronya kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, ili kirudi kwa njia ile ile. Kibakuli cha chini chenye petroli. Kijiboya cha shaba kinachopanda na kushuka kadiri petroli inavyojaa. Sindano ndefu nyembamba. Na jeti, skrubu ndogo ya manjano isiyozidi kucha yangu, yenye tundu katikati ambalo hulioni mpaka uiinue kwenye mwanga. Aliniinulia. "Tazama. Unaona jua?"

Niliona. Nukta moja ya jua ndani ya shaba.

"Petroli yote ya safari inapita hapo," alisema. "Kutoka hapa mpaka Thika. Hapo tu."

Alivuta petroli kwa bomba la sindano lililochakaa, lile la kudungia watu, akaisukuma ndani ya jeti, na uzi mwembamba wa petroli ukatoka upande wa pili ukaangaza. Nilikuwa nimemwona akidunga watoto mamia, lakini kudunga chuma sikuwa nimeona. Nilishika ukingo wa meza nikainama nione vizuri. Kutoka siku hiyo niliamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho Mami hawezi kukitandaza juu ya foronya akakirudisha kikiwa kizima.

Na bado pikipiki ilizima.

Ilizima Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Mami angeshuka, anishushe, afungue mfuniko wa tangi achungulie kama kuna petroli. Ipo. Angefunga, apige kiki, na pikipiki ingewaka kama haikuwa na neno. Tungekwenda nyimbo tatu nyingine. Kisha tena. Usiku alikuwa akiandika kwenye daftari: choki ikivutwa inapata nafuu, plagi ni nyeupe mno, jeti safi. "Ina njaa," alimwambia Baba. "Petroli iko, lakini haifiki. Kwa nini haifiki?"

Baba, ambaye alijua mashine za kiwandani na hizo tu, alisema labda imezeeka.

Mwenyekiti wa kamati alisema hivyo hivyo, ila kwa ukali. Alikuja mwenyewe, akaizunguka pikipiki na kofia yake mkononi, akasema kliniki ya Jumamosi itasimama mwisho wa mwezi mpaka gari lipatikane. Gari halikuwa likitoka popote. Hata mimi nilijua. Mami hakubishana naye. Baada ya yeye kuondoka alisimama mlangoni, na nikasikia akisema peke yake, "Surua haingoji gari."

Hapo ndipo nilipoamua kusaidia. Mwalimu wetu wa Sunday school alikuwa ametufundisha kwamba maombi ya mtoto hufika haraka. Basi pikipiki ilipozima, nilisimama kando yake, nikafumba macho, nikasema kimoyomoyo, "Bwana, iamshe." Mami akafunga mfuniko, akapiga kiki, ikaamka.

Nilijaribu tena. Ikaamka. Mara tano, mara sita, haikukataa hata siku moja. Sijui kama mnaweza kukumbuka kuwa wadogo kiasi cha kuamini jambo kama hilo kwa mwili mzima. Nilitazama viganja vyangu kitandani. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliogopa kwamba nikisema litaondoka, na pia kwa sababu, kusema kweli, lilikuwa langu. Mami alikuwa na daftari na bomba la sindano, na mimi nilikuwa na Mungu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulijaza tangi Ruiru hadi juu kabisa. Tulifika laini ya mbali zaidi saa saba, baada ya kuzima mara mbili njiani, na nilikuwa nimeiombea mara zote mbili. Chanjo zilikuwa zikiendelea wakati mama mmoja kijana alipokuja akikimbia kutoka chumba cha mwisho. Aliitwa Nekesa, alikuwa amekuja kutoka magharibi mwaka ule kufanya kazi ya kahawa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao.

"Sista, huyu mtoto anahara tangu juzi. Sasa hata kulia halii."

Mami alimpokea mtoto. Alipapasa utosi wake kwa vidole viwili, ulikuwa umebonyea kama kisahani. Alifinya ngozi ya tumbo akaiachilia, na ngozi ikabaki imesimama. Sijawahi kumwona Mami akibadilika uso mbele ya mgonjwa, na siku hiyo pia hakubadilika, ila alianza kuongea polepole zaidi.

"Gari la shamba liko wapi?"

"Limeenda na meneja."

"Na simu?"

"Ofisi imefungwa, Sista. Ni Jumamosi."

Mami alichanganya maji ya chumvi na sukari kwenye chupa, akamwachia mke wa nyapara boksi la chanjo, akamfunga mtoto kwa leso kifuani mwa Nekesa na kumketisha mama huyo nyuma ya pikipiki. Mimi alinirusha juu ya tangi. "Sikuachi hapa," alisema. "Sijui nitarudi saa ngapi." Tukaondoka watu wanne kuelekea Thika, hospitali kubwa.

Safari hii haikufika hata nyimbo mbili. Ilizima chini ya kilima, kahawa imetuzunguka pande zote, hakuna nyumba wala sauti ya mtu. Mami hakupoteza wakati. Alimketisha Nekesa ukingoni mwa barabara akampa kijiko. "Kijiko kimoja. Hesabu mpaka kumi. Kijiko kingine. Akitapika ngoja kidogo, halafu uanze tena. Usiache." Kisha akapiga magoti kwenye udongo mwekundu na spana yake.

Nilifumba macho nikaomba. Mami akapiga kiki. Kimya.

Nikaomba tena, kwa sauti ya chini. Kiki. Kimya.

Mara ya tatu niliomba kwa machozi. Pikipiki haikutoa hata kikohozi. Nikajua sababu. Asubuhi ile nilikuwa nimeiba andazi la Baba nikamsingizia paka. Bwana alikuwa amenivumilia mara mbili njiani, sasa alikuwa ameniacha, na alikuwa amechagua saa hii, ambapo kando yangu palikuwa na mtoto asiye na machozi. Nilimtazama mtoto yule. Midomo yake ilikuwa mikavu, macho nusu wazi, na Nekesa alikuwa akihesabu kwa Kibukusu, kwa sauti ya mtu anayejizuia asipige mayowe.

Mami alikuwa amechomoa paipu ya petroli kutoka kwenye kabureta na kufungua koki. Tone moja likadondoka. Baada ya muda, lingine. "Tangi limejaa," alinong'ona. "Nimelijaza mwenyewe. Mbona haishuki?"

"Mami, ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi. Niliiba andazi. Ndiyo maana haiamki. Mimi ndiye huwa naiombea ikizima, na huwa inaamka, na sasa imekataa kwa sababu ya andazi."

Nilikuwa nikilia kwa kwikwi. Nilitegemea kofi, au ile sauti yake ya "wacha mchezo." Mami aligeuka, bado amepiga magoti, mikono imelowa petroli, na uso wake ukawa kimo kimoja na wangu. Mtoto wa watu anakauka hatua tano kutoka pale, na yeye alinitazama kama vile tuna siku nzima.

"Maitu," alisema. Ndivyo alivyoniita, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Niambie vizuri. Huwa unaomba wakati gani?"

"Ikizima."

"Ikizima tu? Kabla sijafanya nini, ama baada?"

Nikafikiri, nikipangusa kamasi. "Baada. Ukishafungua mfuniko wa tangi. Pikipiki huvuta pumzi kwanza. Halafu naomba. Halafu unafunga, inaamka."

"Huvuta pumzi?"

"Eeh. Inafanya fyuuu. Mimi huisikia nikiwa hapo karibu. Inachoka ikikimbia, sasa ukiifungua inapumua."

Mami akageukia tangi. Safari hii hakuwa amefungua mfuniko. Alishachungulia mara mbili njiani, alijua tangi limejaa, kwa nini achungulie tena? Alisimama taratibu, macho yake kwenye ile paipu iliyokuwa ikidondosha tone moja moja, akashika mfuniko na kuuzungusha.

Fyuuu.

Na chini, kwenye paipu, petroli ikaruka. Ilitoka kwa nguvu, uzi mnene uliopiga udongo na viatu vya Mami, ukafanya kidimbwi papo hapo. Nilirudi nyuma. Nekesa aliacha kuhesabu. Mami alifunga koki haraka, akauinua mfuniko juu kuelekea jua, kama alivyokuwa ameiinua jeti siku ile jikoni, na akautazama kwa jicho moja.

"Hakuna mwanga," alisema. "Hakuna kabisa."

Katikati ya mfuniko kuna tundu dogo ambalo hewa huingilia, ili petroli inaposhuka hewa ichukue nafasi yake. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na udongo mkavu. Ni wale nyigu wanaojenga kwa matope. Miaka yote ile ya stoo mmoja wao alikuwa amejijengea hapo ndani, na masika yalipokuja unyevu ukamalizia kazi. Petroli ilikuwa ikishuka kidogo, kisha tangi linakosa hewa na kuishikilia. Ndiyo maana Mami akichungulia tu, inapona. Ndiyo maana siku ya tangi kujaa ilizima mapema zaidi, hewa ndani ilikuwa haba. Haya yote alinieleza baadaye. Pale barabarani alitoa sindano kwenye mkoba wake, akaipenyeza, akazungusha, akapuliza kwa mdomo, akauinua tena kwenye jua.

"Njoo uone."

Nukta moja ya jua.

Alirudisha paipu, akafunga kila kitu, akapiga kiki mara tatu huku kabureta ikijaa, na mara ya nne ikanguruma. Tulipanda kile kilima, tukapanda kingine, tukaingia lami, na haikukohoa hata mara moja mpaka getini mwa hospitali. Sikuimba njia nzima. Nilishika tangi kwa mikono miwili nikisikiliza.

Walimtia mtoto dripu mara moja. Sisi tulikaa kwenye benchi ya korido, mimi na Mami, tunanuka petroli hivi kwamba watu walisogea. Jua lilikuwa limeanza kushuka Nekesa alipotoka wodini, mbele ya gauni lake kumelowa kutoka kifuani hadi magotini, anacheka na kulia.

"Sista, amenikojolea! Amenikojolea mkojo mwingi!"

Na mama yangu, ambaye hakulia alipofiwa na baba yake, alifunika uso kwa mikono yake michafu, mabega yakatikisika. Aliniambia hakuna habari njema kuliko hiyo kwa mtoto aliyekauka.

Tulipokuwa tukirudi kwenye pikipiki nilimuuliza kilichokuwa kikinikaba. "Kwa hivyo si mimi? Ni tundu tu?"

Alifikiri. Mami hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ili anyamaze.

"Tundu nimeliona kwa macho yangu," alisema. "Kuhusu Mungu siwezi kukujibia, muulize mwenyewe. Lakini mimi nina masikio makubwa kuliko yako, nimefungua mfuniko huo zaidi ya mara thelathini, na hiyo pumzi sikuisikia. Wewe ulisikia. Endelea kuomba, maitu. Ila ukiomba usizibe masikio, na macho usiyafumbe sana."

Kliniki ya Jumamosi haikufungwa. Mwenyekiti alikuja Jumatatu kuchukua funguo, Mami akamwambia apande nyuma, akampeleka mpaka laini ya mwisho na kumrudisha bila kuzima. Alishuka kofia imepeperuka, akasema, "Sawa, Sista," na habari ya gari ikaishia hapo.

Lakini kabla ya Jumatatu hiyo kulikuwa na Jumapili. Tulikuwa kanisani Gitothua, mchungaji akasema tufumbe macho tuombe, na kwa mara ya kwanza maishani sikufumba. Nilishangaa jinsi kanisa linavyoonekana wakati huo. Vichwa vyote vimeinama, vitambaa, vipara, kofia za akina mama, mamia ya watu wamejiachilia kabisa, na mwanga umewaangukia. Sikujua kwamba watu wazima ni wazuri hivyo. Nikageuka kumtazama Mami.

Macho yake yalikuwa wazi. Midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya maombi pamoja na wengine wote, na macho yakipita polepole, benchi baada ya benchi, mtu baada ya mtu. Aliniona nikimtazama. Nilidhani ataninyooshea kidole nifumbe. Badala yake aliinua kidevu kidogo kuelekea mbele, nami nikafuata alikokuwa akiangalia, kwa mama mmoja mjamzito kwenye benchi ya tatu, ambaye alikuwa amevua viatu chini ya kiti kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba.

Mchungaji aliposema amina, Mami alikuwa ameshasimama.